Cheti hakifungi bao

Hoteli ya Panari, Nairobi, ilipofungua uwanja wa barafu mwaka 2005, hoki ilionekana mchezo wa Wazungu. Vijana hawakusubiri ofisi wala mhuri. Waliunda Ice Lions, na mwaka 2018 wakafuata mechi hadi Kanada, maana nyumbani hawakuwa na mpinzani. Mwaka 2024 Shirikisho la Michezo ya Barafu Kenya likapata uanachama wa shirikisho la hoki la dunia.

Hongera, lakini cheti hakifungi bao. Wapenzi wa soka wanajua jinsi viongozi wanavyogombania viti huku viwanja vikioza. Shirikisho hili limezaliwa uwanjani, lisije likafia mezani. Serikali ilisaidie kupata uwanja wake. La sivyo, simba hawa watanguruma hotelini tu.