Mtoto Aliyetanguliza Makalio: Tumfunge Ngamia Kwanza

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, katika vichochoro vya Manzese, mama mjamzito anaporudi kliniki na habari kuwa mtoto ametanguliza makalio, jibu huwa moja: "Mungu yupo, atageuka tu." Ni kweli Mungu yupo, na ni kweli wengi hugeuka. Katika wiki ya 28 takriban mtoto mmoja kati ya wanne huwa hajaelekeza kichwa chini. Mimba inapotimia hubaki watatu au wanne katika kila mia. Lakini hao nao ni watoto wetu, na mama zao ni wake zetu na dada zetu.

Yakitangulia makalio au miguu, mwili huweza kupita na kichwa kikakwama, au kitovu kikateremka na kubanwa, mtoto akakosa hewa. Jambo hilo ni la dakika chache, nazo hazitoshi kutafuta gari usiku kwenye Barabara ya Morogoro.

Wapo wanaokimbilia kukandwa tumbo nyumbani. Bibi zetu tunawaheshimu. Daktari naye humgeuza mtoto kwa mikono, kuanzia wiki ya 36 au 37, na takriban nusu ya majaribio hufaulu. Lakini yeye hutazama kwanza kwa ultrasaundi kondo la nyuma lilipo, husikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kipo karibu. Kondo likibanduka nyumbani, nani atakayejua?

Wengine huuona upasuaji kuwa ni aibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika katika nchi 26, ulionyesha kuwa upasuaji uliopangwa humpunguzia hatari mtoto wa namna hii. Hata hivyo kovu lina athari zake kwa mimba zijazo, na wapo wanaojifungua salama kwa njia ya kawaida mikononi mwa wataalamu. Kwa hiyo lililo wajibu ni kushauriana mapema. Ikiwa Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi katika kumwachisha mtoto ziwa, itakuwaje katika kumzaa?

Wala asiseme mtu kuwa mama afaye kwa uzazi ni shahidi, basi tuliache jambo lilivyo. Daraja hiyo ni rehema kwa aliyefikwa na mauti, si kisingizio cha mume aliyezembea. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali.

Basi tunawausia akina baba: wiki ya 36 ifikapo, fuataneni na wake zenu kliniki, muulize mtoto amelalaje. Akiwa ametanguliza makalio, kubalianeni na wataalamu mahali pa kujifungulia, iwe Sinza, Mwananyamala au Muhimbili. Tengeni nauli, tafuteni ndugu wa kutoa damu, na neno la ridhaa litolewe siku hiyo hiyo, lisingoje baba arudi safari. Chupa ikipasuka, mama asingoje uchungu. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Tukishayatimiza hayo, ndipo tuinue mikono na kusema: Ewe Mola, tumetawakali kwako.

Wabillahi tawfiq.