Kompyuta katika shule zetu za Bukavu: tuanze na mwalimu, na maktaba isiyohitaji intaneti



Kila mwaka wa shule unapoanza katika mji wetu wa Bukavu, wazazi wanawauliza viongozi wa shule zetu swali moja: je, mtoto wangu atajifunza kompyuta? Swali hilo ni la haki. Programu ya taifa ya darasa la 7 na la 8 la elimu ya msingi inaunganisha fizikia, teknolojia na matumizi ya kompyuta katika somo moja, nalo ni la lazima. Lakini katika shule nyingi za Kadutu, Bagira na Panzi, na zaidi sana kule Walungu, Kalehe na Shabunda, mwalimu anachora kompyuta ubaoni kwa chaki. Watoto wanainakili katika daftari, kisha wanafanya mtihani juu ya mchoro.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa maana shule nyingi kati ya hizo ni zetu. Tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, serikali inaweka programu na ina wajibu wa kulipa walimu, lakini uongozi wa kila siku wa shule za Kiprotestanti uko mikononi mwa Kanisa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza Kinshasa itafanya nini. Tunapaswa kuuliza sisi wenyewe tutafanya nini, na kwa njia gani.

Mtandao unaokatika

Wengi wanafikiri jibu ni kuleta intaneti shuleni. Tutazame kwanza yale tuliyoyaona kwa macho yetu katika miaka hii michache.

Mwezi Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Ilisemwa kwamba watoto wataendelea na masomo kwa mtandao. Mwisho wa mwaka ule UNICEF na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, walitoa hesabu yao: katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, watoto 95 kwa kila 100 hawakuwa na intaneti nyumbani. Mtoto ambaye mzazi wake alikuwa na simu nzuri na pesa ya mega alipokea mazoezi kwa WhatsApp. Wengine walibaki na masomo ya redio, kama yale yaliyotangazwa na Radio Okapi, au walikaa bure hadi shule zilipofunguliwa.

Mwaka uleule wa 2020 ilikuja kodi ya simu iliyoitwa RAM. Yunite zilikatwa katika simu za watu bila wao kuulizwa, hadi malalamiko yalipoifanya iondolewe mwaka 2022. Na kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu.

Kisha ikaja vita ya 2025. Goma ilitwaliwa na AFC/M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Shule zilifunga milango, benki zilifunga, uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama. Mwezi ule wa Februari UNICEF ilisema kwamba katika Kivu zote mbili shule na vituo vya kusomea zaidi ya 2,500 vilikuwa vimefungwa, na watoto 795,000 walikuwa nje ya masomo.

Tukiyaweka mambo hayo pamoja, somo lake ni wazi. Kwetu intaneti inaweza kukatwa na siasa, na kodi, na vita, na mfuko mtupu wa mzazi. Shule inayojenga masomo yake juu ya mtandao peke yake inajenga juu ya mchanga.

Mashine bila mwalimu

Wengine wanasema: basi tutafute wafadhili watuletee kompyuta nyingi. Hapo pia wenzetu wametangulia, na tunaweza kujifunza kwao.

Kenya iliahidi mwaka 2013 kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta yake. Ugawaji ulianza mwaka 2016, na vifaa zaidi ya milioni 1 vilifika shuleni. Nyaya za umeme zilivutwa hadi vijijini kwa ajili hiyo. Hata hivyo baadhi ya shule zilivifungia vifaa kabatini kwa hofu ya wezi, na walimu wengi walikuwa na mafunzo ya siku chache tu. Mbali zaidi, nchini Peru, wachunguzi walifuatilia shule 319 za vijijini zilizohusika na mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta. Taarifa yao ya mwaka 2012 ilieleza kwamba watoto walijua kutumia mashine, lakini katika hesabu na lugha hawakuwapita wenzao wasiokuwa nazo.

Mashine haimfundishi mtoto ambaye mwalimu wake mwenyewe anaiogopa. Na mwalimu wetu ana sababu ya kuiogopa. Tangu elimu ya msingi iwe ya bure mwezi Septemba 2019, madarasa yamejaa kupita kiasi, na mshahara unachelewa. Kumwongezea mashine bila kumwongezea ujuzi ni kumwongezea mzigo.

Maktaba ndani ya sanduku dogo

Kuna njia ya tatu, nayo inafaa hali yetu. Siku hizi vitabu na masomo mengi sana yanaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa Agano Jipya la mfukoni. Kompyuta hiyo inatoa wifi yake yenyewe ndani ya darasa. Simu au kompyuta iliyo karibu inaunganishwa nayo na kusoma, bila mega, bila yunite, bila mnara wa kampuni yoyote. Mtandao ukizimwa, maktaba inabaki.

Programu za kazi hiyo zipo na ni za bure. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inahifadhi Wikipedia nzima ya Kifaransa, yenye makala zaidi ya milioni 2, katika kadi ndogo kuliko ukucha. Kolibri inapanga masomo ya hesabu na sayansi pamoja na mazoezi, na mwalimu anaweza kuona mtoto gani amekwama wapi. Vitu hivyo vinapakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha vinachukuliwa hadi Nyangezi, Kaziba au Idjwi.

Njia hii inajibu pia hofu ya wazazi. Wengi hawataki watoto wao waachwe peke yao na intaneti, kwa sababu ya picha chafu na matapeli. Katika maktaba ya sanduku, vilivyomo vimechaguliwa na shule.

Faida yake haiishii sekondari. Vyuo vyetu vikuu, pamoja na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, UEA, kilichoanzishwa hapa Bukavu mwaka 1991, vimeingia katika mfumo wa LMD, unaomtaka mwanafunzi atafute na asome mwenyewe sehemu kubwa ya somo. Asiye na pesa ya mtandao anabaki na silabusi ya profesa peke yake. Mwenye pesa anapata vitabu, na sasa anapata pia akili mnemba inayoweza kumwandikia kazi nzima ya mwisho wa masomo. Mmoja ananyimwa maarifa, mwingine anajidanganya kwamba anayo. Kijana aliyezoea tangu sekondari kutafuta, kulinganisha na kuandika kwa maneno yake mwenyewe amekingwa na hatari zote mbili.

Umeme wa Jumapili

Mtu atauliza: na umeme? Maporomoko ya Ruzizi yako mlangoni petu, lakini kila nyumba ya Bukavu inajua kukaa gizani. Tuseme ukweli. Parokia zetu nyingi zimepata paneli za jua, batri au jenereta kwa ajili ya vinanda, spika na vipaza sauti vya Jumapili. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi vifaa hivyo vinalala. Sanduku la maktaba tunalolieleza linatumia umeme mdogo sana kuliko spika moja, na bei yake ni ndogo kuliko ya kinanda cha kwaya. Tukiweza kumtafutia mwimbaji umeme, tunaweza kumtafutia mwanafunzi.

Wengine watasema wakati huu wa njaa na wakimbizi si wakati wa kompyuta. Tunawaelewa, na mkate wa aliyekimbia vita unakuja kwanza. Lakini tukumbuke kwamba mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee joho na vitabu pamoja. Hakuona haya kuhitaji vyote viwili.

Tunapendekeza kwa kamati za parokia na za shule mambo matatu. La kwanza, kila shule imchague mwalimu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wafundishwe kila Jumamosi kwa muda wa mwaka mmoja. Katika vyuo vyetu wapo vijana wenye ujuzi, na wengi wao ni washiriki wa makanisa yetu. La pili, parokia tatu au nne zilizo jirani ziungane kununua sanduku moja na simu au kompyuta chache zilizotumika, nalo lizunguke. La tatu, ukumbi wa parokia ufunguliwe alasiri, mchana kweupe, chini ya uangalizi wa mtu mzima, ili wasichana nao wafike na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Wazee waliotutangulia walifundisha kusoma na kuandika chini ya miti, kwa kitabu kimoja kilichopita mikono ishirini. Serikali ya kikoloni haikuzipa shule za Kiprotestanti msaada wa fedha hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini shule zilikuwapo. Leo tuna majengo, tuna walimu, tuna umeme wa Jumapili. Kamati zetu zikikutana mwezi huu, zianze kwa kuhesabu paneli na batri zilizopo, na kuuliza zinafanya kazi gani siku ya Jumanne.