Acheni Kufuta Mistari ya Watu

Niseme wazi tangu mwanzo: anayefuta alama za mstari mpya kwenye shairi eti "anasafisha data" hasafishi kitu. Anaharibu kazi ya mtu.

Nipo Ilemela, naandika programu kwa lugha za ukoo wa Lisp, na mashairi nayasoma kuliko msimbo. Kila mara naletewa mafaili ya mashairi yaliyopita kwa mafundi wenzangu: beti zimegandana kama dagaa walionyeshewa mvua juu ya mawe. Ukilalamika unaambiwa, "Si maneno yapo yote? Unataka nini tena?"

Nataka mistari.

Ugonjwa unakotoka nakujua. Katika Lisp, ukiacha yale maelezo ya pembeni yanayoanza na nukta mkato, mstari mpya nje ya stringi ni nafasi tupu tu. Mabano ndiyo yanayoonyesha kipi kimeanzia wapi na kimeishia wapi. Fundi akishazoea hivyo, anaingia na mazoea yake hadi ndani ya stringi. Lakini humo mstari mpya ni herufi kamili: kwenye ASCII ni namba 10, kama A ilivyo 65. Nani atakuruhusu ufute kila A kwenye shairi lake?

Wengine hawafuti, wanabahatisha. Ukiandika "samaki\nziwa" katika Common Lisp, mkwaju unamezwa na unabaki na "samakinziwa". Katika Emacs Lisp, maandishi yaleyale yanatoa mistari miwili. Kwenye Common Lisp unabonyeza Enter ndani ya stringi yenyewe, au unaita format na kuweka ~%. Kiwango chake kipo tangu 1994, jamani. Si siri ya waganga.

Najua mtanijibu kwamba tenzi nyingi za hati ya Kiarabu ziliandikwa vipande vinne kwenye mstari mmoja. Kweli. Ila utenzi una vina, na una mizani nane kila kipande. Hayo ndiyo mabano yake. Ukiukunja, sikio litaukunjua. Sasa mchukueni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hapo ziwani kwetu. *Kichomi* ya 1974 ilikataa utawala wa vina na mizani. Kwenye shairi la namna hiyo, mahali mstari unapokatwa ni uamuzi wa mshairi, na hakuna kingine kinachoulinda. Ukishaufuta, hakuna sikio wala programu itakayojua ulikuwa wapi.

Wanamapokeo na wanamabadiliko waligombana miaka juu ya uhuru huo. Angalau wale walibishana kwa hoja. Leo uhuru huohuo unafutwa kwa amri moja, na aliyeifanya hata shairi lenyewe hajalisoma.

Basi fundi, hesabu mistari kabla hujagusa faili, uhesabu tena ukimaliza. Namba zikipishana, rudisha ya watu.