KADI HAITIBU, KINACHOTIBU NI DAWA!

Kijana wa Kipawa, wewe wa Karakata, wewe wa kiwandani Barabara ya Nyerere na wewe unayesubiri abiria pale Airport, hili linakuhusu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima si hiari tena, ni lazima. Waheshimiwa walipiga makofi. Lakini swali la mlalahoi halikujibiwa: dawa ziko wapi?

Tusidanganyane, bima yenyewe si mbaya. Ugonjwa haupigi hodi, na deni la hospitali limeshauza viwanja vya wengi. Ubaya ni kulazimishwa kununua ahadi.

Piga hesabu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, uliwekewa mchango wa asilimia 6 ya mshahara: 3 za mfanyakazi, 3 za mwajiri. Mwenye mshahara wa Sh 300,000 anachangiwa Sh 18,000 kwa mwezi, Sh 216,000 kwa mwaka, augue asiugue. Siku akiugua, daktari anaandika, dirisha la dawa linajibu "hakuna". Anapewa fomu aende duka lenye mkataba na Mfuko. Duka la mtaani kwake halina mkataba. La mbali lina nusu ya dawa, nusu nyingine haimo kwenye orodha. Mwisho anatia mkono mfukoni. Kalipa mara mbili! Kulikoni?

Usimtukane muuza dawa. Yeye hutoa dawa leo, hupeleka madai, kisha husubiri. Malipo yakichelewa, mzigo mpya ataununua kwa maneno?

Machi 1, 2024 tulionyeshwa sinema yenyewe. Hospitali binafsi kadhaa zilisitisha huduma kwa wenye kadi za NHIF kwa sababu ya mvutano wa kitita kipya cha bei. Tembo walipigana, nyasi ikaumia. Mgonjwa alikuwa amelipa, kadi anayo, mlango umefungwa.

Sasa jiulize: ukikosa kuchangia, sheria inakubana. Mfuko ukikosa kukupa dawa, nani anabanwa?

Tunadai mambo matatu. Kwanza, orodha ya dawa zinazolipiwa ibandikwe kila zahanati, kwa Kiswahili. Pili, maduka ya dawa yalipwe kwa tarehe inayojulikana, na Mfuko ukichelewa ulipe faini. Tatu, mwanachama aliyenunua dawa iliyokosekana arudishiwe fedha zake kwa risiti.

Usiseme "mimi kijana, siugui". Mama yako ana presha, na pikipiki haina rafiki. Diwani na mbunge wakija mtaani kwako, usiwaombe fulana wala kofia. Waulize dawa. Na wakikujibu kwa kukuonyesha kadi, waambie kadi haimezwi na maji!