Kipaza Sauti cha Kikundi: Msinunue Wati

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamo katika kikundi cha namna fulani: chama cha wakulima, kwaya ya kanisa, halmashauri ya msikiti, umoja wa wazazi wa shule, au kile chama cha kusaidiana katika mazishi ambacho siku hizi ni vigumu kupata kijiji kisichokuwa nacho. Na kila kikundi, kikiisha kununua viti na hema, hutaka kipaza sauti. Kwa hiyo juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya chombo hicho, nami nitaanza kwa kueleza aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadha iliyopita nilikuwa mweka hazina wa chama cha mazishi katika kijiji chetu. Tulichanga fedha msimu mzima wa mahindi, kisha mimi na karani mmoja tukatumwa mjini. Mwenye duka alituonyesha masanduku mawili makubwa meusi, yenye taa za rangi, na juu yake pameandikwa wati 5,000. Mwenzangu aliisoma tarakimu hiyo mara mbili, akanikonyeza, tukalipa. Mwezi haukuisha tukafiwa na mzee mmoja. Kwa desturi yetu, kabla maiti hajashushwa kaburini, huulizwa mbele ya watu wote ni nani aliyemdai marehemu, na ni nani aliyedaiwa naye. Jirani mmoja akasimama, akaishika maikrofoni, akaanza kueleza habari za kipande cha shamba kilicho kando ya mto. Watu wa nyuma wakapiga kelele, “Hatusikii!” Kijana wetu akapandisha sauti. Mashine ikakwaruza, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza. Mzee akamaliza maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe, na waliomsikia ni safu tatu za mbele tu. Baadaye wa mbele walisema alitamka kwamba aliazimwa shamba lile. Wa nyuma wakashikilia kwamba walisikia neno la kuuziwa. Shauri lilikwenda kwa chifu, likaenda kwa wazee wa ardhi, na mpaka leo nusu ya jamaa ile haiwaamkii wenzao.

Nilimpelekea fundi yale masanduku. Alipima, akacheka, akaniambia kwamba amplifaya iliyokuwa ndani haikuweza kutoa hata wati 50 za kweli kwa muda wa dakika tano. Ile 5,000 ilikuwa hesabu ya biashara, ambayo kwa kawaida huandikwa pamoja na herufi PMPO, nayo haina kipimo kinachokubaliwa na mtu ye yote. Mkiona herufi hizo, ifunikeni tarakimu kwa kidole na muulize nyingine, ile ya nguvu za kudumu, ambayo mara nyingi hufuatana na herufi RMS. Mwenye duka asipoijua, nendeni duka jingine.

Lakini hata wati za kweli si jambo la kwanza la kutazama. Amplifaya huipa spika nguvu za umeme. Spika ndiyo igeuzayo umeme kuwa sauti, nayo ni mfanyakazi mvivu sana. Sehemu kubwa ya umeme inaoupokea huishia kuwa joto tu, na sehemu ndogo ndiyo iwayo sauti. Lakini uvivu huo haulingani katika spika zote. Kwa hiyo waundaji wa haki huandika wepesi wa kila spika: huipa wati moja, husimama umbali wa mita moja, na kupima sauti kwa desibeli. Spika moja itatoa desibeli 88, nyingine 97. Tofauti ya 9 yaonekana ndogo, lakini hesabu ya desibeli haiendi kama hesabu ya magunia. Kila desibeli 3 zataka nguvu maradufu. Basi 3, na 3, na 3 tena: mara mbili, mara nne, mara nane. Maana yake ni kwamba spika ile ya 97 ikipewa wati 50 italingana na ile ya 88 iliyopewa wati 400. Aliyenunua spika nyepesi na amplifaya ndogo amemshinda aliyenunua spika nzito na amplifaya kubwa, na tena amebakiwa na fedha na mafuta ya jenereta.

Tena sikio nalo lina ukaidi wake. Ili mtu aone kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, kwa kawaida huhitaji kuongezewa kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo yule auzaye mashine ya wati 200 mahali pa ile ya wati 100, na kusema kwamba sauti itakuwa maradufu, asema uwongo, hata kama yeye mwenyewe auamini.

Hayo ndiyo yaliyofanya spika za umbo la tarumbeta, kama zile tuzionazo juu ya minara ya misikiti, zisiachwe mpaka leo. Ni za zamani sana. Mwaka 1915 huko California, Peter Jensen na Edwin Pridham waliwaonyesha watu spika yao ya tarumbeta, na Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alihutubia watu wapatao 50,000 mjini San Diego kwa chombo chao. Tarumbeta hupeleka maneno mbali kwa nguvu kidogo. Kwa nyimbo haifai, maana sauti nene hupotea na kwaya husikika kama inaimba ndani ya debe. Lakini kwa adhana, kwa tangazo la shule, kwa baraza la chifu uwanjani, sijaona kilicho bora kwa bei yake.

Chama kinachotaka maneno na nyimbo pamoja kitanunua masanduku yenye spika mbili ndani: moja pana ya sauti nene, na nyingine ndogo ya sauti nyembamba. Siku hizi mengi yana amplifaya yake ndani, yamekwisha kulinganishwa kiwandani, na mengine yana betri pia. Kama kikundi hakina fundi, napendelea hayo. Ubaya wake ni kwamba amplifaya ikiharibika, sanduku zima huwa kiti.

Wale wanaonunua amplifaya mbali na spika mbali wasome tarakimu za ohmu. Spika nyingi ni za ohmu 8. Mkifunga mbili pamoja katika tundu moja, kwa kuunganisha chanya na chanya, hasi na hasi, amplifaya huona ohmu 4. Mkifunga nne, huona 2, na amplifaya nyingi za bei ya kadiri haziwezi kuvumilia chini ya 4. Hupata joto, hujizima, au huungua. Zile za kizamani za balbu za kioo zilikuwa na tabia ya kinyume: ziliweza kuharibika kwa kuwashwa na kupandishwa sauti bila spika yo yote kufungwa. Kwa shule au msikiti wenye waya mrefu na tarumbeta nyingi kuna mtindo mwingine, wa volti 100, ambapo kila spika ina transfoma yake ndogo. Humo mtu hajumlishi ohmu. Hujumlisha wati za spika zote, na jumla isizidi wati za amplifaya. Msichanganye mitindo hiyo miwili katika waya mmoja.

Na waya wenyewe! Nimeona watu wametumia mamia ya maelfu ya shilingi, kisha wakafunga spika kwa waya wa kengele ya mlango. Chukua waya wa shaba wa nusu milimita ya mraba, uupeleke mita 30 kwenye spika ya ohmu 8. Kwenda na kurudi, waya huo una kama ohmu 2 zake, na spika haipati hata theluthi mbili za nguvu ambazo ingepata kama ingekuwa karibu. Tumieni wa milimita za mraba 2.5, nao utakula kidogo sana.

Sasa nirudi kwenye kaburi la yule mzee, maana kosa letu halikuwa la dukani peke yake. Masanduku tuliyaweka chini, kwenye majani, mbele ya safu ya kwanza. Uwanjani sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliyekaa mita 4 aliziba masikio, na aliyekuwa mita 32 alikuwa amepoteza desibeli 18, mbali na zile zilizomezwa na makoti ya watu. Laiti tungaliyainua juu ya vichwa na kuyaelekeza kwa watu wa nyuma! Na yule jirani aliishika maikrofoni kifuani, kama ashikavyo fimbo. Angaliikaribisha kinywani, upana wa vidole vitatu, tusingalihitaji kupandisha cho chote. Maikrofoni ikae nyuma ya spika sikuzote. Ikiwa mbele, husikia sauti yake mwenyewe na kupiga ule ukelele unaowatia watoto hofu.

Lililoua mashine ni kupandisha kupita kiasi. Amplifaya ikishindwa, hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na mawimbi yaliyokatwa hupeleka nguvu nyingi kwenye ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo koili yake ni waya mwembamba mno. Huungua kwanza hiyo. Ndiyo sababu amplifaya dhaifu iliyokamuliwa huweza kuua spika ambayo amplifaya kubwa, iliyotumiwa kwa kiasi, ingeiacha salama. Taa nyekundu ikiwaka mara moja moja, si neno. Ikikaa imewaka, teremsheni. Na wanaopenda kukesha na muziki wakumbuke majirani: nchini Kenya zipo kanuni za kelele tangu 2009, na sikio la mtu halistahili kukaa zaidi ya saa 8 katika desibeli 85. Kila desibeli 3 zikizidi, saa hizo hupunguzwa nusu.

Juu ya utunzaji sina mengi, kwa kuwa adui ni wachache na wajulikana. Vumbi huziba matundu ya feni, joto likakosa pa kutokea. Fagieni kwa brashi laini kila mwezi, umeme ukiwa umekatwa. Msiiwashe amplifaya ndani ya sanduku lake, wala chini ya bati la jua kali. Panya hupenda koni za karatasi kuliko mahindi, basi spika zisilale ghalani. Pwani, chumvi huozesha plagi. Futeni kwa kitambaa kikavu. Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo vyombo vifungwe. Amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa, ili ule mshindo usiipige spika. Betri isiachwe tupu miezi mitatu hata kama hakuna arusi wala msiba. Na katika nchi za radi, kama Kisii na Kakamega, kuzima swichi hakutoshi: ng’oeni plagi ukutani kabla mvua haijaanza.

Wengine wameniuliza kama yafaa kununua spika iliyotumika. Yafaa, lakini nendeni na betri moja ya tochi, ya volti 1.5. Kwanza sukumeni koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, rudisheni. Kisha gusisheni nyaya za betri kwenye spika, chanya kwa chanya, kwa nukta moja tu. Lazima mlie mlio mdogo, na kwa spika nyingi koni itatoka mbele. Fanyeni hivyo kwa zote mbili. Kama moja yatoka na ya pili yarudi nyuma, mtu amezibadili nyaya za ndani, na zikipigwa pamoja sauti nene zitauana hewani. Zibadilisheni nyaya za moja, na punguzeni bei.