Kisiwa kilichochoshwa na wageni

MIMI nimekulia Kisauni, Mombasa, na tangu utotoni nimezoea kuwatazama watalii. Tuliwatazama wakishuka kwenye mabasi ya hoteli mbele ya Fort Jesus, pua zimewaiva kama nyanya, kamera shingoni, nasi tukiulizana ni kazi gani hiyo wanayofanya kwao hata wakapata nafasi ya kusafiri mbali hivi bila harusi wala matanga. Mwezi wa Septemba, mwaka wa 2024, ilikuwa zamu yangu kutazamwa.

Nilikwenda Palma, mji mkuu wa kisiwa cha Mallorca, huko Uhispania. Sikwenda kwa utajiri. Binti ya dada yangu anafanya kazi huko, na kwa miaka miwili hakuacha kunisihi, “Mjomba, njoo uone.” Hoteli aliyokuwa akifanyia kazi pwani yetu ya kusini ilifunga milango mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipowafukuza wageni, akakaa kwa mamake akiuza mahamri mpaka alipopata njia ya kwenda Ulaya. Zamu yangu ya chama ilipofika nikasema potelea mbali, paa la nyumba litangoja.

Habari ya viza nitaipita upesi maana bado inaniuma. Ni yuro 90, kama shilingi 13,000 wakati ule, na ukinyimwa hurudishiwi hata ndururu. Juu yake kuna taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima, tikiti ya kurudi na maswali ya kukufanya ujishuku mwenyewe. Mhispania akitaka kuja Mombasa hujaza fomu kwenye intaneti, akalipa dola 30, akaanza kutafuta kofia ya jua.

Nilipitia Barcelona, na kutoka hapo nikapanda meli ya usiku. Alfajiri abiria wote tulikuwa kwenye sitaha. Jua lilipochomoza, kitu cha kwanza kuonekana juu ya maji kilikuwa kanisa kuu la Palma, ambalo wenyeji huliita La Seu. Ni jengo refu ajabu, limejengwa kwa mawe ya rangi ya asali, nalo limekaa ukingoni mwa bahari kama Fort Jesus ilivyokaa. Kufananisha huko si kwangu tu. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593, Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip II, na La Seu ilikuwa bado inajengwa katika himaya yake hiyo hiyo. Ilikamilika mwaka wa 1601. Kwa hivyo mimi na watu wa Palma tuliwahi kuwa na bwana mmoja, ingawa sisi hatukuulizwa.

Wala wao hawakuulizwa mara zote. Waislamu walikitawala kisiwa hiki kwa zaidi ya miaka 300, na mji huu ukiitwa Madina Mayurqa, mpaka Mfalme Jaume wa Aragon alipouteka tarehe 31 Desemba, mwaka wa 1229. La Seu imesimama pale palipokuwa na msikiti mkuu. Kasri la jirani bado linaitwa Almudaina, na Mswahili yeyote akilitamka jina hilo mara mbili atasikia Madina ndani yake. Sokoni chungwa linaitwa naranja, nami nikakumbuka narinji za bibi yangu. Sukari ni azúcar. Meza ni mesa. Nilijiona mjuzi wa lugha kwa muda wa dakika kumi, kisha mwenye duka akanijibu kwa Kikatalani, lugha nyingine kabisa ya kisiwani humo, nikanyamaza.

Ndani ya kanisa hilo kuna dirisha la duara lenye upana wa karibu mita 12 na vipande vya kioo 1,236. Asubuhi jua huingia kupitia hapo na sakafu ikawa kama mtu amemwaga sanduku la leso. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Februari na 11 Novemba, mwanga wa dirisha hilo hutua ukutani chini ya dirisha la pili la upande wa pili, zikawa duara mbili kama tarakimu ya nane, na watu hudamka kuja kuona. Kando kuna ukumbi mdogo uliopambwa kwa udongo wa kuchoma: samaki, mikate, matunda, vyote vinatoka ukutani kama vinafufuka. Ni kazi ya Miquel Barceló, mzaliwa wa kisiwa hicho aliyeishi pia Mali, na ilifunguliwa mwaka wa 2007. Mimi si mtu wa sanaa, lakini hapo nilikaa nusu saa.

Sasa nikueleze yaliyonipata nje. Nilikuwa nimembebea mpwa wangu vikoi vitatu kutoka Mombasa, na kwa kuwa tulipatana tukutane katika bustani iliyo chini ya kanisa, nilivitundika mkononi nikawa nasimama namsubiri. Akaja mama mmoja wa makamo, mtalii, Mjerumani kwa matamshi yake. Akavishika vile vikoi, akavigeuza, akaniuliza kwa Kiingereza ni yuro ngapi. Nilikuwa nimevaa shati langu la Jumapili na viatu vya ngozi! Nikamwambia haviuzwi. Akadhani nazidisha bei, akataja kumi.

Hatua chache kutoka hapo walikuwapo vijana wa Senegali wametandaza shuka chini, wanauza miwani na mikoba. Mmoja aliona kisa chote, akacheka mpaka akashika tumbo. Akanipa salamu aleikum nami nikamwitikia. Mpwa wangu alipofika akawa mkalimani. Kijana yule alikuja kwa mashua ya mbao mpaka visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Uhispania lakini viko karibu na bara letu. Katika mwaka huo wa 2024 zaidi ya watu 46,000 walifika huko kwa mashua, na wengi hawakufika. Yeye naye, kwa hivyo, alikuwa amezuru visiwa vya Uhispania vyenye jua, na viza hakuulizwa. Tukiwa bado tunaongea, mwenzake akapiga mluzi. Kila kona ya shuka ina kamba. Wakazivuta kwa pamoja, shuka ikawa fuko, wakatoweka vichochoroni kabla polisi hawajafika. Nilijisikia niko Nairobi siku kanjo wanapopita.

Nilitembea sana siku hizo. Niliona ngome ya duara ya Bellver. Nilipanda treni ya mbao inayokwenda Sóller, ambayo imekuwa ikipita milimani tangu mwaka wa 1912. Nilikula mkate uliosuguliwa nyanya ukamwagiwa mafuta ya zeituni, chakula cha kimaskini ambacho ningekila kila siku. (Kuna pia andazi la kujiviringa liitwalo ensaimada, tamu kupita kiasi, lakini msomaji Mwislamu ajue hupakwa mafuta ya nguruwe.) Bahari ni ya buluu na imetulia, ingawa ukiniuliza, mchanga wa Diani ni mweupe zaidi, na haukujaa vitanda vya kukodi.

Ila watu! Mwaka wa 2024 visiwa hivyo vya Balearic, ambavyo Mallorca ni kimoja chao, vilipokea wageni zaidi ya milioni 18. Wenyeji wake ni kama milioni 1.2 tu. Kenya nzima mwaka huo ilipata wageni milioni 2.4 nasi tukashangilia. Kuna mkataba tangu mwaka wa 2022 kwamba meli kubwa za watalii zinazotia nanga Palma zisizidi tatu kwa siku. Siku moja nilizihesabu, zilikuwa tatu kamili, na kufikia saa nne vichochoro vya mji wa kale havikupitika. Nilimwona mzee mmoja na kikapu chake cha mboga amesimama mlangoni kwake, anangoja kundi lipite ili aweze kutoka.

Mwezi wa Mei na tena mwezi wa Julai mwaka huo, maelfu ya watu waliandamana Palma kupinga utitiri wa watalii. Nilipomuuliza mpwa wangu kama nami ningezomewa, alinitazama kwa namna ya mtu anayeamua kusema kweli.

“Mjomba, ya Julai nilikuwamo. Nilitoka kazini nikaenda na sare yangu.”

“Wewe? Na ni watalii wanaokulisha?”

“Wananilisha, ndiyo. Lakini nilale wapi?”

Kazi yake ni kusafisha vyumba vya hoteli, 20 hadi 22 kwa siku. Sheria ya mwaka wa 2022 inazitaka hoteli za huko ziweke vitanda vinavyoinuka ili wanawake hao wasivunjike migongo wakitandika. Kwake vimefika ghorofa moja kati ya nne, naye yuko nyingine. Anaishi mtaa wa Pere Garau, mtaa wa Wamoroko, Wachina na watu wa Amerika Kusini, wenye soko ambalo lingekufurahisha kama unaijua Kongowea. Wanawake watatu katika nyumba ya vyumba viwili. Palma ilipiga marufuku tangu mwaka wa 2018 kuwakodisha watalii nyumba za ghorofani, lakini mwenye nyumba ana njia zake. Alikuwa amewaambia wahame kabla ya Krismasi kwa kuwa anataka kupakarabati na kuuza. Vyumba vingine walivyoviona mtaani vilitaka zaidi ya nusu ya mshahara wake.

Ndiyo maana mimi sikulala kwake. Nililala katika hoteli ndogo, nikalipa na ile kodi ya mtalii wanayotoza tangu mwaka wa 2016, nikawa sehemu ya hesabu ya milioni 18. Usiku wa mwisho alikuja kuniaga. Alitazama chumba changu, akakisogeza kitanda kwa goti, akakunja upya shuka ambayo mimi niliona imekunjwa vizuri, akasema aliyetandika hapo alikuwa na haraka.

Mwezi wa Desemba alinipigia simu. Amepata chumba Inca, mji mdogo ulio kilomita kama 30 kutoka Palma. Huamka saa kumi za alfajiri, akapanda treni, maana vyumba vya wageni huanza kusafishwa saa mbili. Vikoi viwili amefanya pazia. Cha tatu alikiuza kwa yuro 15.