Kiwambo Kilicholala Kiamshwe kwa Kiswahili

Kiwambo cha tarakilishi kikilala kisiamke, mwanafunzi wa Meru au Embu hudhani kimekufa. Aghalabu ki hai. Taa yake ikiwaka, na abonyeze kitufe cha kibodi, akaze waya wa picha, kisha auchomoe wa umeme kwa muda mfupi na kuurudisha. Maelekezo haya mepesi huja kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilidhihirisha, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu huweza kusema Kiswahili. Basi idara za Kiswahili zisiishie kubishania "kompyuta" na "tarakilishi". Ziandike mwongozo wa ukurasa mmoja, ubandikwe maabarani. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.